Nilialika kijiji kwa kalamu yangu, wakaja na sahani

Mulembe wakuu wote, wa milimani na wa pwani.

Mimi ni kukhu, yaani bibi mwenye wajukuu, na wangu ni kumi na mmoja, wote wana meno mazuri. Nitasema ukweli mtupu. Nikiongeza chumvi hata punje moja, Komando anifuate na pembe zake huko aliko. Huyo Komando mtamjua sasa hivi.

Nimekaa humu jukwaani wiki nzima nikisoma vile vijana mnalia. Mara "naandika riwaya lakini kazi imenibana". Mara "nyumbani sipati utulivu". Mara laptopu imezima. Nimecheka mpaka mume wangu Baba Imbuka akaniuliza kama nimemeza nzi.

Utulivu?

Mimi kitabu changu niliandika nikiwa nimeshika kamba ya ng'ombe dume kwa mkono wa kushoto.

Kaeni chini.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa kijijini kwetu Malinya. Masomo yangu yalikuwa yameishia zamani darasa la nne, mwaka ambao mama alijifungua pacha na mimi nikageuzwa yaya. Kusoma nilijua. Kuandika nilijua, ingawa herufi zangu zilikuwa zinaegemeana kama walevi wanaotoka matangani.

Ugonjwa wa hadithi niliupata kwa mandazi.

Muuza mandazi wa soko letu alikuwa anafunga na karatasi za vitabu vikuukuu. Siku moja nikanunua mawili, nikakuta karatasi ina hadithi. Msichana ameahidi wanaume wawili kuolewa nao, na wote wamefika kwao siku moja, na mmoja amekuja na panga. Nikageuza karatasi haraka. Nyuma mafuta yamekunywa wino wote. Hadithi imekatika panga likiwa hewani!

Nikarudi mbio, nikanunua mandazi mengine manne. Nikapewa ukurasa wa hesabu za kugawanya.

Wakuu, kuna uchungu wa kuzaa na kuna uchungu wa hadithi kukatika. Wa kuzaa unaishanga. Siku tatu lile panga lilikaa kichwani mwangu. Ya nne nikachukua daftari la Imbuka, binti yangu wa kwanza, nikaimalizia mwenyewe. Imbuka akaadhibiwa shuleni kwa kukosa daftari. Nilimwomba msamaha na yai la kuchemsha.

Tangu siku hiyo sikuacha tena.

Niliandika nikisonga obusuma, ugali wetu, mwiko mkono mmoja, kalamu mwingine. Mara moja nikakoroga na kalamu. Niliandika nikingoja zamu kwa mashine ya kusaga. Daftari nilificha ndani ya chungu cha unga, kwa hivyo kurasa zangu zote zilikuwa nyeupe kama mpishi.

Shida yangu mimi nikiandika jambo la huzuni nalia kwa sauti. Siku niliyomuua mama ya Selina (Selina ndiye msichana wa kitabu changu) nililia, "Uuwi! Mama Selina amekufa!" Jirani yangu Mama Ambani akasikia. Baada ya muda mfupi alikuwa mlangoni na majani ya chai, sukari, na wanawake sita wamefunga leso kiunoni, wako tayari kwa matanga.

"Maiti iko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha daftari.

Sukari alirudi nayo, na maneno aliyoniambia siwezi kuandika hapa.

Sasa tuje kwa Komando.

Mume wangu Baba Imbuka alikuwa na dume la kupigana. Kwetu, kama hujui, ng'ombe dume wawili wanakutanishwa uwanjani, ngoma ya isukuti inalia, watu wazima wanaruka kama watoto. Komando alinunuliwa Matungu. Alikuwa mnono, shingo kama gunia la mahindi, na alipendwa kuliko mtu yeyote wa nyumba hiyo. Baba Imbuka alikuwa anamwamkia kabla ya kuniamkia mimi.

Asubuhi moja nilikuwa namlisha kando ya barabara. Kamba kushoto, kalamu kulia, daftari gotini. Nilikuwa nimefika mahali patamu sana, Selina anataka kufungua mlango wa ghala. Mkono wa kushoto ukasahau kazi yake.

Nilipoinua macho, Komando hayupo.

Alikuwa ameingia kwa katekista. Alikula karibu maharagwe yote ya mke wa katekista, akapita katikati ya kamba ya nguo, akarudi nyumbani peke yake na suruali ya Jumapili ya katekista kwenye pembe, inapepea kama bendera. Baba Imbuka alikuwa amesimama uani na wageni.

Akaitoa suruali kwenye pembe, akaikunja vizuri. Halafu akasema, "Mama Imbuka, hiyo hadithi itakuja kutuletea kesi."

"Ni kitabu," nikamwambia. "Watu watakisoma."

"Watu gani?"

"Watu."

"Sikiliza. Nionyeshe watu ishirini tu, waje hapa kwa miguu yao kusikia hicho kitabu chako. Wakija, nakuchongea meza ya kuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, uketi kama karani. Wasipokuja, hizo karatasi zote ni za kuwashia moto, na kamba ya Komando utashika kwa mikono miwili."

Nikasema sawa. Mimi kiburi nilizaliwa nacho.

Nikauza bata mzinga wangu wawili, nikaenda Kakamega mjini na daftari langu la unga. Kulikuwa na dada mmoja wa kupiga taipu, kijana wa huku kwetu. Yeye alipiga, halafu tukatoa nakala kwa ile mashine ya kuzungusha na mkono, ambayo ukitoka hapo hata masikio yako yana wino. Tukashona kwa uzi wa gunia. Nakala arobaini! Nilizinusa njia yote.

Kabla sijaondoka nikamwambia anipigie na matangazo ya kubandika. Nikamtajia kwa mdomo, naye akapiga:

"KARIBUNI NYOTE JUMAMOSI SAA NANE NYUMBANI KWA MAMA IMBUKA. KARAMU YA MAMA IMBUKA. MTU ASIKOSE."

Akainua kichwa. "Karamu?"

"Karamu, ndiyo. Kwani ulitaka niandike na mkaa?"

Akacheka, akaendelea.

Sasa wakuu, nyinyi mliosoma mmeshaona. Mimi sikuona. Kwetu L na R ni pacha, hata mama yao anawachanganya. Mimi nilikuwa nasema ile kitu ya kuandikia, yenye wino. Maisha yangu yote niliita karamu, na hata kuandika niliandika hivyo. (Siku hizi simu inanirekebisha yenyewe. Inanidharau sana hii simu.)

Nikabandika kwa mashine ya kusaga, kwa duka, kwa mti wa zahanati. Jumapili katekista akasoma kanisani, na suruali mpya. "Karamu ya Mama Imbuka, mtu asikose." Kanisa likafanya "aaah!" Kuna mzee alipiga makofi.

Nikajiambia, kumbe watu wa Malinya wana kiu ya vitabu hivi!

Wiki hiyo nilipendwa vibaya. Mtu analeta kuni. Mtu analeta mtungi wa maji. Mama mkwe wangu, ambaye tangu niolewe aliniita "huyo", akanitumia salamu kwa jina. Nikasema uandishi una heshima.

Alhamisi Mama Ambani akanikuta kisimani.

"Mama Imbuka, umeshachagua wa kuchinja?"

Mimi nilikuwa nimemweleza zamani kwamba mwisho wa kitabu kuna mtu mbaya lazima auawe. Anaitwa Bwana Mapesa, tajiri wa miwa wa huko Matungu, anataka kumwoa Selina kwa nguvu. Nikajua anauliza huyo.

"Nilimchagua kitambo," nikamwambia.

"Ni mnono?"

"Mnono! Shingo yote mafuta. Si ni yule wa Matungu."

Mama Ambani akaweka mtungi chini. "Yule wa Matungu? Kweli?"

"Ndiyo. Amekula vya watu vya kutosha."

"Na Baba Imbuka amekubali?"

"Baba Imbuka hajui. Atajua siku hiyo pamoja na wengine."

"Mungu wangu. Na atachinjwa na nani?"

"Mimi mwenyewe, na huu mkono. Lakini si mara moja. Kwanza nitamtesa kidogo, alie, aombe msamaha."

Mama Ambani alinitazama vile mtu anatazama nyoka kwenye kikapu cha mboga. Akabeba mtungi wake nusu, akaenda haraka.

Jioni hiyo Baba Imbuka aliingia uani bila kuniangalia. Akamfungua Komando, akamfunika na blanketi letu, lile la harusi, akaondoka naye kwenda kwa dada yake ng'ambo ya mto. Nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu," akasema, akirudi kinyumenyume. "Anabadilisha hewa."

Nikasema vizuri, nitaandika kwa mikono miwili.

Ngojeni kidogo, sufuria yangu inafoka.

Haya nimerudi.

Jumamosi. Tangu saa sita watu walianza kushuka. Si ishirini! Kilima kizima. Watoto wameoshwa wanang'aa mafuta. Wazee wamebeba viti vyao vya miguu mitatu. Wanawake wamevaa za kanisani. Kikundi cha isukuti kimekuja bila kualikwa. Mama mkwe wangu amebebwa na baiskeli. Na kila mtu ana sahani. Mmoja alikuwa na karai.

Nikashangaa sahani, lakini nikafikiria labda ni za kubebea vitabu, zisichafuke. Ndiyo, niliwaza hivyo. Msinicheke, nilikuwa na furaha, na furaha haina akili.

Nikasimama mbele ya nyumba na vitabu vyangu arobaini. Machozi yakanitoka.

"Ndugu zangu," nikasema, "sikujua mna njaa namna hii!"

"Tunayo!" wakaitikia wote.

"Leo nitawashibisha!"

Vigelegele. Isukuti ikapiga. Nikafungua kitabu, nikaanza kusoma: "Selina alizaliwa siku ya mvua ya mawe…"

Wakasikiliza kidogo. Nafikiri walidhani ni maombi ya kubariki chakula. Halafu mzee Lumbasi, ambaye alikuwa amekaa mbele kabisa na sahani ya bati, akainua mkono.

"Mama, hotuba yako ni nzuri. Lakini mbona sioni moshi?"

"Moshi wa nini, mzee?"

"Wa nyama."

"Nyama gani?"

"Si umesema karamu?"

Nikainua juu kalamu yangu ya bluu. "Karamu si ndiyo hii!"

Wakuu, nimewahi kusikia kimya cha mazishi na kimya cha mtihani. Hicho kilikuwa kingine. Hata kuku walinyamaza.

Halafu kukatokea sauti moja nyuma, "Ati tumekuja kula biro?"

Moto ukawaka! Kila mtu anaongea. Mwenye karai anapiga karai. Mama mkwe wangu akasimama akasema, "Nilijua! Huyo ameita ukoo mzima kula karatasi!" Nikarudi kuwa "huyo" hapo hapo.

Na mbaya zaidi, nikamwona Baba Imbuka kwenye ua. Amekuja na fimbo, amesimama miguu upande, anatafuta chini kama kuna damu ya ng'ombe mwingine. Alipoelewa mambo, uso ukalegea, akaanza kucheka. Akanyoosha mkono kuonyesha vitabu, halafu akaonyesha jikoni. Jikoni kwenye moto.

Watu mia walikuwa uani kwangu na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ajili ya kitabu. Meza imeenda. Selina ataiva na viazi.

Nikakumbuka yale mandazi.

Nikapanda juu ya kinu, nikaita kwa sauti ile ya kufukuza ngedere: "NYAMAZENI! Mmekuja kwangu, mtasikia kidogo ndipo mrudi na njaa zenu!"

Nikaruka mvua ya mawe. Nikaruka utoto wote wa Selina. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Mapesa, jinsi alivyomnyang'anya mjane shamba la miwa, jinsi alivyokuwa akila kuku mzima peke yake huku wakataji wake wanamwangalia. Hapo watu wenye njaa wakaanza kunung'unika. Si kuninung'unikia mimi. Walikuwa wanamnung'unikia yeye.

"Kuku mzima!" mzee Lumbasi akasema. "Mshenzi!"

Nikaendelea. Selina anatoroka. Mbwa wanamfuata. Anafika kwenye ghala kuukuu, ndani kuna mtu anakohoa. Kikohozi anakijua. Mwenye karai ameacha karai. Mtoto amelia, akazibwa mdomo.

"Selina akashika komeo. Akavuta mlango polepole. Akatazama ndani, akaona…"

Nikafunga kitabu.

Shingo zote zikanyooka.

"Akaona nini?" Mama Ambani akauliza.

"Ameona njaa," nikasema. "Nyumba hii haina nyama, lakini nyinyi mna mashamba. Anayetaka kujua Selina ameona nini, aende kwake alete kitu. Sahani mnazo."

Walinitukana. Sitawaficha, mama mkwe alinitukana mpaka baiskeli ikaanguka. Lakini mmoja akaondoka, halafu wengine, na nikaona wanaanza kukimbia, maana kila mmoja aliogopa nitaendelea bila yeye.

Wakarudi na viazi vitamu. Mhogo. Mboga za mrenda. Obusuma wa kulala uliofungwa na jani la mgomba. Mke wa katekista alileta maharagwe, yale Komando alibakiza. Mama Ambani alileta sukari ile ile ya matanga. Moto ukawashwa, moshi ukaonekana, na mzee Lumbasi akasema sasa ndiyo hii.

Nikapanda kinu tena. Ndipo Baba Imbuka akaja mbele, kifua mbele, na fimbo yake.

"Mimi naona mambo wazi," akatangaza. "Hawa walikuja kula. Kwa kitabu hakuja mtu. Nilisema waje kwa kitabu. Nimeshinda."

Watu wakaniangalia. Mimi nikamwangalia.

"Ni kweli," nikasema. "Umeshinda. Basi nafunga."

Nikashuka kwenye kinu. Nikakusanya nakala zangu, nikaanza kutembea kuelekea jikoni. Pole pole kama bibi harusi.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Ngoja kidogo," Baba Imbuka akasema.

Nikasimama.

Akakohoa. Akakuna shingo na fimbo. "Huyo msichana… pale mlangoni. Akaona nini?"

Watu waliangua kicheko mpaka bata wakaruka ua. Mama mkwe wangu alicheka, nilimwona na macho haya, ingawa mpaka anaingia kaburini alikataa.

"Wewe hujaleta kitu," nikamwambia mume wangu.

Na Baba Imbuka, mwenye dume, mwenye boma, akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba akakamata jogoo wake mwekundu. Ingokho ile, kuku wa heshima kwetu, alikuwa ameitunzia shemeji zake. Akanikabidhi mbele ya watu.

Nikasoma mpaka mwisho. Bwana Mapesa alipochinjwa na mundu wa miwa, isukuti ilipiga yenyewe. Tulikula, tukasikiliza, tukala. Arobaini zote zikaenda, nyingine kwa pesa, nyingine kwa kuku na mafungu ya kuni.

Watu walipoondoka Baba Imbuka akaniuliza swali moja tu. "Huyo Mapesa wako, mbona anachechemea mguu wa kulia kama mimi?"

Nikamwambia ni bahati mbaya.

Sitaki mfikiri nilipata utajiri. Mwaka uliofuata nilinunua njugu sokoni, nikafungiwa na ukurasa wangu mwenyewe wa tisa. Wengine wangelia. Mimi nilikula njugu zile nikasema sasa mimi ni mwandishi kamili, kuna mtu mahali hajui mlangoni kulikuwa na nini.

Na meza? Alichonga, kama alivyosema. Mguu mmoja ni mfupi, tunautilia jiwe mpaka leo. Akachukua msumari wa moto akaandika mbele herufi kubwa: KARAMU YA MAMA IMBUKA. Nikamuuliza alimaanisha ipi. Akasema yeye ni mtu wa ng'ombe, hayo mambo ya L na R niwaulize walimu.

Wajukuu wamekula juu yake miaka yote, na mimi nimeandikia pembeni, pale hakuna supu. Hapo ndipo naandika saa hii.

Kwa hivyo funzo langu, vijana, ni hili. Msingoje nyumba inyamaze ndiyo muandike. Haitanyamaza. Andika na kamba mkononi, ng'ombe akitoroka utapata sura ya pili. Na mtu akikwambia hakuna wa kusoma, usibishane naye. Msomee, halafu funga kitabu pale mlangoni.

Sasa semeni na nyinyi: ni nani mwingine humu ameandika kitabu na nyumba inapiga kelele, na ng'ombe wako wewe alikuwa ni nani?

Na yule atakayekuja kunirekebisha L na R, karibu sana. Aje na sahani.